Kemisti Asiye na Duka

Jumapili niliyorudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada yangu, baba yangu alisimama wakati wa matangazo, katika kanisa letu la Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, akasema binti yake sasa ni kemisti. Watu wakapiga makofi. Kabla ibada haijaisha, mama mmoja wa kwaya alikuwa ameshaniinamia sikioni kuniuliza duka nitafungua upande gani, Langas au mjini, kwa sababu goti lake linamsumbua na hataki kwenda mbali.

Taabu yangu ilianzia hapo, katika neno moja. Kwetu kemisti ni duka. Ni chumba chenye kaunta ya kioo na msalaba wa kijani juu ya mlango, na ndani yake kuna mtu wa koti jeupe anayekuuliza unaumwa wapi na tangu lini. Basi ukisema wewe ni kemisti, watu wanauliza duka liko wapi, na ukisema huna duka wanakuonea huruma, wanadhani mambo yamekwenda mrama. Nilijaribu kumweleza baba kwamba mimi ni mkemia wa viwandani. Alinisikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza, "Sawa. Na duka unafungua lini?"

Kwa miezi kadhaa watu walikuja nyumbani baada ya ibada. Mama wa goti alikuja. Mzee mmoja mwenye sikio linalovuma alikuja na mkewe. Baba aliwakaribisha sebuleni, Mama akawaletea chai ya maziwa, kisha mimi nikaitwa kutoka jikoni nije niwape dawa. Nikawaambia sina dawa, na hata ningekuwa nayo sina ruhusa ya kutibu mtu. Walimaliza chai yao wakaondoka kwa adabu. Baba hakuwa na adabu hiyo.

"Umesoma hii miaka yote," aliniambia, "na huwezi kupatia mama ya watu hata dawa ya goti? Ulikuwa unasomea nini huko?"

Nitasema sasa nilichokuwa nasomea, maana siku hiyo sikuachwa nimalize sentensi, wala siku nyingine yoyote. Daktari anamjua mgonjwa wake. Mwenye duka anamjua mteja wake. Kazi yangu mimi ni kutengeneza tembe kwa wingi, za kujaza lori, na kuhakikisha kwamba ile ya juu kabisa kwenye mkebe na ile ya chini kabisa zina dawa ile ile kwa kipimo kile kile, na kwamba zote zitamfikia mgonjwa zikiwa nzima. Anayezimeza simjui. Yeye naye hatanijua hata tukikaa benchi moja. Nilipokuwa msichana jambo hilo lilinipendeza, nikaliita unyenyekevu. Siku hizi nikilifikiria nakunja uso.

Nilipata kazi katika kiwanda kidogo cha dawa kilichokuwa kimefunguliwa kando ya barabara ya Nakuru, kabla hujafika Cheptiret. Karibu wakati huo huo baba alipatikana na presha, akaanza kuchukua dawa dispensari. Na kiwanda chetu kilikuwa kimepewa kazi ya kutengeneza dawa hiyo hiyo kwa ajili ya dispensari za upande wetu. Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia, "Baba, tembe za presha utakazopewa mwezi ujao tumezitengeneza sisi. Mimi mwenyewe nilikuwa hapo."

Sijawahi kumwona baba amefurahi namna ile. Hata duka alilisahau. Siku ilipofika alivaa koti analovaa akienda harusini, akachukua kofia yake, akaenda dispensari mapema pamoja na Mama, na kwenye foleni akawaambia wote waliokuwapo kwamba dawa wanayoingojea ni ya binti yake. Mama ndiye aliyenisimulia. Baba alipoitwa dirishani akapewa kipaketi chake cha plastiki, akakiinua juu ili watu waone. Ndani mlikuwa na unga. Tembe mbili tatu zilikuwa nzima, zilizobaki zilikuwa vipande na vumbi jeupe.

"Mzee," mtu mmoja kwenye foleni akamwambia, "binti yako amekutumia unga ya uji."

Wakacheka. Watu wa kwetu hawana ubaya wakicheka, lakini hawachoki upesi. Baba aliweka kipaketi mfukoni, akarudi nyumbani, na jioni nilipofika nilikuta unga ule umemwagwa kwenye sahani, sahani imewekwa mahali pangu mezani.

"Daktari wa unga," aliniambia. "Kuja ukule."

Sikula chakula cha jioni siku ile. Nilikwenda chumbani nikalia, kwa aibu na kwa hasira pia, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kuudhika alikuwa ni mgonjwa, na baba yangu hakuwa akilalamika kama mgonjwa. Alilalamika kama mtu aliyechekwa hadharani. Presha yake hakuitaja hata mara moja.

Mzigo ule wote ulirudishwa kiwandani. Meneja alisema wanga tulionunua ulikuwa mbovu. Fundi alisema mashine ya kubana tembe imelegea. Mimi nilikwenda kuutazama uji.

Niueleze uji huo. Tembe haishikani kwa nguvu ya mashine peke yake. Dawa yenyewe ni unga mkavu, na ukiubana mkavu hivyo utapasuka mkononi. Kwa hiyo tunaukanda kwanza na wanga wa mahindi uliopikwa, tunaukausha, tunausaga kidogo uwe chengachenga, ndipo tunaubana. Wanga ule uliopikwa ndio gundi. Kwenye karatasi za kazi ulikuwa na jina refu la kizungu, lakini pale kiwandani kila mtu aliuita uji, na hawakukosea: unakoroga wanga kwa maji baridi, unamimina maji yanayochemka, unakoroga tena mpaka uwe mzito. Maabara, kwenye chombo cha kioo juu ya jiko la stima, uji wangu ulitoka mzuri, unang'aa, na tembe zake ungeweza kuzirusha ukutani. Kwenye sufuria kubwa ya kiwandani, ambayo mtu mzima angeingia akajificha, uji ulitoka mweupe kama maziwa, na tembe zake ndizo zilizokwenda kumwaibisha baba yangu.

Karatasi za kazi zilikuja pamoja na mashine, kutoka nchi moja iliyo tambarare, huko pwani ya bahari fulani. Zilisema: mimina maji yakiwa yanachemka. Nasi tuliyamimina yakiwa yanachemka. Hakuna aliyeruka hata mstari mmoja. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba tulikosea kwa utiifu.

Kosa nililiona nikiwa nyumbani. Binamu yangu aliyeolewa Mombasa alikuwa amekuja kututembelea, akajitolea kutupikia. Alibandika maharagwe asubuhi, na ilipofika saa sita akayapakua, kwa sababu kule kwao yangekuwa yameiva zamani. Tuliyatafuna kwa shida. Akalaumu jiko letu, akalaumu kuni, na mimi nikamjibu kama kila mtu wa Eldoret anavyowajibu wageni, bila hata kufikiri: "Huku juu maji yanachemka mapema lakini hayaivishi. Usiangalie maji, angalia maharagwe."

Maneno yalinitoka mdomoni, kisha nikayasikia. Niliacha sahani yangu mezani. Chuoni nilikuwa nimefundishwa jambo hilo hilo kwa namba, kwamba mahali palipo juu hewa ni nyepesi, na maji yanaanza kutokota kabla hayajapata joto yanalolipata huko chini baharini. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata maksi zote. Na tangu utotoni nilikuwa nimekula maharagwe yaliyobandikwa alfajiri. Vitu hivyo viwili vilikaa kichwani mwangu miaka yote bila kusalimiana.

Jumatatu nilichukua kipimajoto nikaenda nacho kwenye sufuria kubwa. Maji yalikuwa yakitokota hasa, mapovu yakipasuka juu, na bado yalikuwa na joto pungufu ya lile ambalo wenye karatasi walilitegemea. Kisha yakamiminwa ndani ya chuma kilicholala baridi ya Julai, juu ya wanga baridi, na kabla hayajaanza kazi yalikuwa yameshapoa. Uji wetu ulikuwa umechemshwa. Haukuwa umeiva. Maabara sikuliona kosa kwa sababu chombo changu kilibaki juu ya jiko, kikaendelea kujipikia taratibu wakati mimi najipongeza.

Kurekebisha hakukuwa rahisi kama kuona. Ilibidi sufuria ile ivalishwe koti la chuma, na mvuke wa boila upite kati ya koti na sufuria, ili uji uendelee kupikwa baada ya maji kumiminwa. Ilibidi chuma kipashwe moto kwanza. Ilibidi mwiko wa mashine upunguzwe mwendo, kwa sababu ulikuwa unatengeneza madonge. Kwa kila jambo niliingia ofisi ya meneja nikatoka bila jibu, nikaingia tena. Aliniuliza mara nyingi kama wenye karatasi wanaweza kuwa hawajui kazi yao. Nilimwambia wanaijua, ila hawajawahi kupika Eldoret. Hakucheka.

Mwishowe alikubali, kwa sababu mzigo mwingine nao ulikuwa umerudishwa. Nami nikaandika maelekezo upya. Mahali palipoandikwa maji "yachemke," niliandika uji "uive," na chini yake nikaeleza maana: mtu asitazame mapovu, autazame uji wenyewe, mpaka weupe uishe na mwiko uonekane ndani yake. Tembe zikashika. Zikapakiwa kwenye malori yakapita barabara za mawe hadi dispensari za mbali huko Kaskazini, zikafika nzima. Najua, kwa sababu nilikuwa nikiwapigia simu wahudumu wa huko na kuwaomba wafungue mkebe mpya na kuniambia kama chini kuna vumbi. Hapakuwa na vumbi. Ilikuwa kazi nzuri. Sioni kwa nini nijifanye ilikuwa ya kawaida.

Halafu wakaja wageni kutoka Nairobi. Meneja aliwazungusha kiwandani, na walipofika kwenye sufuria akaweka mkono juu ya lile koti la chuma, taratibu, kama mtu anavyoweka mkono juu ya ng'ombe wake mwenyewe. "Hapa," akasema, "tulifanya ubunifu kulingana na mazingira." Akaeleza habari ya maji na milima. Alieleza vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemweleza mara nyingi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, nimevaa kofia ya nailoni na barakoa, yakionekana macho tu. Mgeni mmoja aligeuka akaniomba nimshikie mkoba apate kupiga picha. Nikaushika.

Baadaye meneja alipandishwa cheo akahamia Nairobi. Mwisho wa mwaka ule, kwenye sherehe ya wafanyakazi, mimi nilipewa thamosi yenye jina la kiwanda. Aliyenikabidhi alisema ni ya kutunza joto. Ninayo mpaka leo, na haitunzi.

Lakini nasema kweli, hayo yote ningeyameza kama nyumbani ningeaminiwa. Kumbe baba, tangu ile siku ya foleni, hakugusa tena dawa ya dispensari. Alikuwa amepata duka mjini linalouza tembe za presha kutoka ng'ambo, zilizo kwenye boksi lenye picha ya moyo mwekundu. Mwenye duka alikuwa mtu wa Kaskazini, Mwislamu, mpole sana na mjuzi wa kazi yake. Baba alimpenda kwa sababu alikuwa na kaunta ya kioo na msalaba wa kijani. Alipomtaja mbele yangu alimwita "yule kemisti wa ukweli."

Hali hiyo ilinitia wasiwasi kuliko nilivyoonyesha. Boksi la ng'ambo lilikuwa ghali, na baba si mtu wa kukubali kwamba kitu kimemshinda. Mama aliniambia kwa siri kwamba anazinyoosha: leo anameza, kesho anaacha, ili boksi likae. Presha hainyooshwi hivyo. Ndipo nikaamua kumwonyesha.

Nilikwenda dispensari nikapewa mgawo wake, nikaenda nao Yamumbi siku ya Jumamosi. Nilimkalisha baba mezani, Mama akasimama mlangoni na kikoi chake mabegani. Nikatoa tembe moja, nikairusha kwenye sakafu ya simiti. Ikaruka, ikabingirika, ikasimama chini ya kabati ikiwa nzima. Baba aliinama akaiokota mwenyewe. Akaibana kwa kidole gumba, kidole kilichopukuchua mahindi maisha yake yote. Haikuvunjika. Akaibana tena. Nikaona uso wake unaanza kulegea, na Mama akanikonyeza.

Hapo ndipo nilipopaswa kuachia. Lakini mimi ni kemisti, jamani, na nilitaka aone kazi yote. Tembe isiyovunjika mkononi ni nusu ya kazi. Ikifika tumboni ikakutana na maji ni lazima ifunguke, la sivyo umemeza kokoto na litatoka lilivyoingia. Kuifanya iwe ngumu safarini na laini tumboni, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kwa ajili yake nilikuwa nimesumbuka zaidi kuliko kwa jambo lingine lolote. Basi nikachukua glasi ya maji, nikaidumbukiza tembe ndani.

Tulitazama sote watatu. Ilivimba kidogo, ikapasuka pembeni, ikafunguka, ikashuka chini ya glasi kama ilivyotakiwa, safi kabisa. Nilikuwa natabasamu. Baba aliitazama glasi, akanitazama mimi.

"Si ndio hiyo," akasema. "Unga."

"Baba, hapo ni lazima ivunjike. Ndiyo kazi yake."

"Ile ya ng'ambo haivunjiki."

"Inavunjika, Baba. Inavunjikia tumboni."

"Wewe umewahi kuingia tumbo yangu?"

Mama alicheka, akajizuia, akaondoka mlangoni. Baba aliisukuma glasi upande wangu kwa kidole kimoja, kama vile ni ile sahani ya unga. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za stoo ya mahindi. Nitaliandika wazi kwa sababu ni kweli: siku ile nilimchukia baba yangu. Nilimchukia kwa sababu watu wengi nisiowajua, huko mbali, walikuwa hai kwa tembe zile, na mtu mmoja niliyetaka azimeze alizisukuma kwa kidole.

Mwaka uliofuata boksi la moyo mwekundu liliadimika mjini. Mwenye duka alinipigia simu mwenyewe.

"Dada," akaniambia, "mzee amekuja na ile yake imeisha huku, sijui italetwa lini. Nimemwambia achukue hizi za hapa kwetu. Wallahi ni sawa sawa, mama yangu mzazi anameza hizi. Ameniuliza kama umenihonga."

Nilimshukuru, nikafunga safari kwenda Yamumbi. Nilimkuta baba akirekebisha mlango wa zizi. Sikuleta glasi safari hii. Nilimwomba tu. Nilimwambia sihitaji anisifu, na akitaka aendelee kuniita daktari wa unga mpaka afe, lakini ameze dawa. Alipigilia msumari mpaka ukazama wote ndipo akanijibu.

"Nitangoja ile nyingine ikuje."

Haikuja kwa wakati. Mama alimkuta asubuhi stoo, ameketi juu ya gunia, gunzi la mahindi mkononi, mdomo umekwenda upande. Alimwita, baba akamtazama bila kujibu. Jirani mwenye pikapu ndiye aliyempeleka mjini hospitalini, na Mama alinipigia simu akiwa nyuma ya pikapu, upepo ukimnyang'anya maneno. Neno nililolisikia ni presha. Nilikuwa kiwandani, kando ya sufuria, na msichana tuliyemwajiri karibuni alikuwa akichungulia ndani na kumwambia mwenzake asubiri, bado haujaiva. Neno langu limebaki pale. Hakuna anayejua ni la nani.

Baba hakufa. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia na sehemu ya ulimi, na baada ya siku kadhaa za drip na mipira ya kulishia, madaktari wakasema sasa anaweza kuanza kumeza. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake wodini. Wagonjwa wengine walikuwa wakisikiliza redio ya mtu mmoja, na Mama alikuwa amekwenda kutafuta chai. Sista akaja na kitoroli chake cha dawa.

Nilikijua kile kikopo kabla hajafika kwetu. Kifuniko chake ni cha buluu, chenye meno ya kushikia, na niliwahi kubishana na watu wa stoo juu ya meno yale. Alifungua, akadondosha tembe moja kwenye kifuniko, akaihamishia kwenye kikombe kidogo. Ilikuwa nyeupe, na mstari katikati, na ukingo uliolazwa kidogo ili usimenyeke safarini. Ukingo ule nao ni wangu.

Baba alimtazama sista, kisha akanitazama. Alikuwa na jicho moja linalofanya kazi vizuri, na lilikuwa kali vilevile kama zamani.

"Hii," akasema. Alisema kwa taabu, mate yakimtoka pembeni, nikampangusa. "Hii ni ya wapi?"

Sista alikuwa mtu mwema. Alikigeuza kikopo ili asome, na najua alichokuwa anataka kukisoma, kwa sababu limeandikwa hapo kwa herufi kubwa jina la mji wetu. Nilikuwa na nafasi fupi tu. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa ndani ya kile kikombe, na baba yangu ameuliza swali ambalo nilikuwa nimelingojea tangu ile Jumapili ya matangazo. Nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Ni ya ng'ambo, Baba," nikasema.

Sista alinitazama, akatazama kikopo. Nilimkazia macho mpaka akakirudisha kwenye kitoroli. Baba alifungua mdomo. Nikaiweka tembe juu ya ulimi wake, nikamshikia glasi, akameza. Akatulia akisikiliza koo lake.

"Unaona," akasema. "Ungekuwa na duka, ungeuza hii."

"Ndiyo, Baba."

Sasa yuko nyumbani. Anatembea kwa fimbo, na mkono umerudi kiasi cha kushika kikombe. Kila ninapokwenda dispensari kumchukulia mgawo wake, nazihamishia tembe kwenye boksi la zamani lenye moyo mwekundu kabla sijafika Yamumbi. Mama anajua. Mwenye duka mjini naye anajua, maana nilimweleza asije akanichongea, na alisikitika kwa ajili yangu hata nikajuta kumweleza.

Jumapili iliyopita baba aliomba kusimama wakati wa matangazo. Walimsaidia mpaka mbele. Alimshukuru Mungu, akawashukuru waliomwombea, kisha akasema dawa iliyomponyesha si hizi zetu za unga, ni dawa ya ng'ambo, watu wa huko wanajua kazi. Akasema binti yake, hata kama hana duka, amejua mahali pa kuipata. Akaninyooshea fimbo nilipokaa. Mama wa goti aligeuka akanitazama kwa heshima ambayo hajawahi kunipa.

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga pamoja nao, kwa nguvu, maana kesho yake asubuhi ilikuwa lazima ameze nyingine.